Ghorofa kwa Bei ya Chumba

Profesa hakuwahi kumfundisha mtu chochote. Jina hilo alilipata kwa miwani yake, ambayo haikuwa na vioo. Siku moja alijikinga na mvua kwenye duka la fotokopi, na mwenye duka, kwa wema wake, akampa kiti na kitambaa cha kujifutia. Juu ya meza kulikuwa na vitabu viwili vya mkataba wa ujenzi, toleo la zamani na toleo jipya, vinafanana kama mapacha.

"Vina tofauti gani hivi?"

"Ndogo tu. Zamani fundi aliyeongezewa kazi alidai mwishoni. Siku hizi asipoandika barua ndani ya siku ishirini na nane, hana chake."

Profesa alirudi mvuani akiimba.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Zege, mkandarasi mjane aliyekuwa na mashine moja ya kuchanganyia zege, nayo ameiweka rehani. Kazi hii ikimharibikia, mashine inakwenda.

"Mama, nijengee chumba kimoja. Ila tutumie toleo jipya, mimi mtu wa kisasa."

"Haya, mwanangu. Umekula lakini?"

Wakatia saini. Msingi haujakauka, maombi yakaanza.

"Mama, ongeza veranda."

"Sawa, baba."

"Weka ngazi. Ianzie hapa katikati ya chumba, nitakapoweka kitanda."

"Ngazi ya kwenda wapi, baba?"

"Ghorofani! Vyumba vinne. Na roshani ya paka."

"Una paka?"

"Nitatafuta."

Kila nyongeza ilipotajwa, jioni ileile Mama Zege alimletea chai ya moto na barua. Profesa alikunywa chai, akasaini kwamba barua ameipokea, akaanza kusoma. "Mwanangu mpendwa, salamu nyingi sana. Je, hujambo? Mama yako anaendeleaje na miguu? Umelalaje na baridi hii?" Salamu zilijaza ukurasa mzima. Profesa alipiga miayo, akaikunja. Maskini bibi wa watu, aliwaza, mpweke huyu.

Siku ya kukabidhiwa nyumba alikuja amevaa tai.

"Ulidai kwa maandishi? Siku zimepita, mama. Ghorofa ni langu, kwa bei ya chumba."

"Barua zangu kumi na moja je?"

"Zile za salamu?"

"Mwanangu, mtu haanzi kudai kabla hajajulia hali. Geuza ukurasa."

Profesa akazitoa mfukoni, akageuza. Nyuma, kwa mwandiko safi: veranda, tarehe, ngazi, tarehe, roshani ya paka, tarehe. Na chini ya kila barua, kifungu cha toleo jipya: mwenye nyumba asipojibu ndani ya siku ishirini na nane, amekubali; na asipolipa, nyongeza ni ya mkandarasi.

Profesa aliivua miwani, akatazama tena. Maandishi yalikuwa yaleyale.

"Usilie, baba. Chumba chako umelipia, ni chako."

Kwa malipo ya chumba, mashine ikakombolewa. Mama Zege akahamia juu na dada zake watatu, wajukuu saba na paka. Ngazi ni moja tu. Kuanzia alfajiri wanashuka mmoja mmoja kandokando ya kitanda cha Profesa, na hakuna anayempita bila kumuuliza kama amelala vizuri.