Gari Jekundu la Mteremkoni

Jumatatu, 3 Juni

Nimelipata! Gari la kispoti, jekundu, milango miwili, umri wake mara mbili ya ndoa yangu. Nimebadilishana na kinyozi: yeye kachukua lile letu la kijivu, lisilo na mvuto wowote. Nilipofika kwake nililikuta ameshaliwasha, linanguruma. Muungwana yule! Fundi wangu anasema gari kuukuu hukaguliwa likiwa baridi, ukilikuta limewashwa ujue kuna ugonjwa unafichwa. Wivu tu.

Mke wangu kalizunguka mara moja, akauliza mama yake atakayekuja Jumamosi atakaa wapi. Nikasema mbele, kwa heshima zote. Akauliza, na yeye je? Viti viwili. Sikuwa nimevihesabu. Akasema mama yake asipofika nyumbani na gari hilo, litarudi kwa kinyozi, na mimi nihamie huko huko.

Jumatano, 5 Juni

Haliwaki likiwa baridi. Jana limegoma, leo limegoma. Lakini mimi si wa kushindwa! Sasa naliegesha juu ya mteremko wa mtaa wetu. Naachia breki, linashuka, naingiza gia ya pili, linawaka. Majirani nimewaambia napenda kuegesha penye upepo.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye pikapu na mdomo, kauliza kama huo upepo ndio unaolisukuma. Kajitolea kumpokea mama yake. Nimekataa katakata. Abebe mizigo, basi.

Jumamosi, 8 Juni

Stesheni ni tambarare! Miaka yote napita pale, leo ndiyo naona. Nikaacha injini ikiunguruma, nikakimbia ndani kumpokea mama mkwe. Kurudi: kimya. Treni ilichelewa, limezimika lenyewe na limeshapoa. Shemeji kaegemea pikapu yake, meno yote nje.

Nikamweleza mama mkwe ukweli, macho chini. Akauliza kama klachi ni nzima. Akavua viatu, akakaa kwenye usukani, akaniambia nisukume, baba, niache kujiliza. Kumbe ujanani aliendesha lori la mbao! Tukasukuma, mimi na shemeji. Limewaka! Wala hakutusubiri. Njia anaijua. Kaenda nalo huku anapiga honi, kapita mbele ya duka la kinyozi, moja kwa moja hadi nyumbani.

Mimi nimerudi nyuma ya pikapu, nimekalia mizigo yake. Lakini kafika, tena na gari lile lile! Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Sihami.

Jumapili, 9 Juni

Kinyozi kaja hata chai hatujanywa. Jana kamwona mama mkwe akipita, roho imemuuma, anataka gari lake. Nikajifanya nafikiri. Mke wangu akanikanyaga mguu. Tumerudishiana.

La kijivu nimelizungushia ufunguo mara moja tu, likawaka. Nimekumbatia boneti yake mbele za watu. Oh, raha ya kuegesha popote! Nimelala mchana kutwa kama mtoto mchanga.

Jumanne, 11 Juni

Kuna mwalimu anauza la njano. Halina paa. Lakini viti ni vinne, safari hii nimeuliza! Mke wangu asijue, fundi ndiyo kabisa. Nimempigia simu mwalimu, nimemwomba aliwashe mapema, nikifika nilikute limeshapata moto.