Paka Ndiye Anayekukumbuka

Jumatatu, 3 Juni 1985. Nyasho.
Siku ya tisa tangu mke wangu Dafroza arudi kwao Kibara. Kosa langu? Eti nilibadilisha cherehani yake kwa belo la mitumba bila kumuuliza. Biashara zimefunguliwa, nikataka tutajirike! Kufungua belo: makoti ya baridi matupu. Kwa joto la Musoma hii!

Kaniachia paka wake, Karani. Simpendi. Analala kifuani kwangu, namvumilia.

Jirani yangu, Lukresia, kanishauri nipande basi nikaombe msamaha. Mimi Mwikwabe, mwanaume mzima, mbele ya mama mkwe? Thubutu! Nimeandika barua: Karani hali, halali, anakulilia, rudi kabla hajafa. Machage, muuza dagaa aendaye Kibara, kaipeleka.

Alhamisi, 6 Juni.
Jibu limekuja: anafika Jumamosi. Ushindi!

Tatizo dogo. Karani kanenepa. Nilikuwaga namgawia sato nusu kwa nusu, maana kula peke yangu kunanikaba. Leo nikamnyima. Akanitazama tu. Saa saba nikampa mkia. Saa nane, kichwa. Saa tisa, samaki mzima.

Basi nikamwogesha, nikijua manyoya yakilowa ataonekana kakonda. Kanichana kuanzia sikio hadi kiwiko! Lukresia alicheka mpaka akakaa chini. Hata pole hakusema.

Kisha mnyama huyohuyo akaja kujikausha mapajani kwangu, akakoroma. Nikamsimulia habari za Dafroza mpaka machozi yakanitoka. Moshi wa jiko huo.

Jumamosi, 8 Juni.
Kafika na kikapu. Kamtazama Karani, tumbo ndii. Kanitazama mimi: mikwaruzo, shati la wiki nzima. Akauliza, hasa nani alikuwa anakaribia kufa hapa?

Moyo ukasema: sema ni wewe, omba msamaha. Mdomo ukasema: paka.

Akajibu sawa, basi mgonjwa anakwenda kutibiwa kwa mama. Kamtia kikapuni, kamfunika na koti langu moja la mtumba. Wakaondoka na basi la mchana. Wote wawili!

Jumapili, 9 Juni.
Nyumba kimya. Nimelia, bila jiko kuwashwa. Hakuna hata wa kunikanyaga tumbo asubuhi.

Lukresia karudia wimbo wake: kesho kuna basi, nenda kaombe msamaha. Watu hawana ubunifu kabisa. Nikamwomba kitoto kimoja cha paka wake, akanipa.

Nimeshaandika barua. Mpendwa Dafroza, paka mpya anakukumbuka mno, hali, halali. Kweli hajawahi kukuona, lakini ndivyo alivyo, ana moyo mwepesi.