Volteji ya Nagendra

Jumamosi, 21 Oktoba
Gundi imekauka! Kidonge changu kimekamilika. Tabaka moja hujinyoosha likihisi sumaku, la pili hutoa umeme likivutwa, na katikati ni gundi niliyoikoroga mwenyewe. Sumaku inaingia, umeme unatoka. Mji mzima wa Mysuru hauna kidonge kizuri hivi. Profesa Hegde, mkuu wa maabara yetu, amesema mmoja tu atakwenda kusoma matokeo kwenye mkutano wa Delhi: mimi au mwenzangu Shailaja. Maskini Shailaja. Ana bidii, lakini kila kitu anapima na kurudia kupima.

Jumapili, 22 Oktoba
Shailaja amepata umeme mwingi kuliko niliowahi kupata mimi. Akanionyesha bila kuringa, na hayo ndiyo maringo mabaya kuliko yote. Nimeumia. Halafu nikakumbuka: kesho ni Ayudha Puja! Vyombo vyote vya kazi vinaombewa baraka na kupumzishwa, hakuna anayegusa mashine. Wote watakuwa uani wanakula vitamu vya ladu. Akili hii niliyopewa, sijui niifanyie nini!

Jumatatu, 23 Oktoba
Mashine ya kupimia ilivishwa maua ya manjano na kupakwa unga mwekundu. Koleo, bisibisi na vikorokoro vingine vikawekwa kwenye sinia ya baraka, kazi ya Shailaja. Profesa akapasua boga mlangoni kufukuza husuda, wakateremka kula. Mimi nikasingizia tumbo. Nikasogeza maua, nikaiomba mashine radhi upesi upesi, nikawasha. Kishikio kinachobana kidonge ndani yake sikukifungua. Kidonge nilikitia mwenyewe juzi, nifungue cha nini?

Lahaula! Namba ilipanda mpaka nikahisi mashine imepata wazimu. Shailaja haoni hata vumbi langu. Nililia kidogo, machozi ya haki.

Jumatano, 25 Oktoba
Nimevaa suti. Nimewasilisha mbele ya kikundi kizima. Nilipomaliza, wakatazamana. Nikadhani ni heshima.

Shailaja akauliza kwa upole nilipima lini. Nikasema Jumatatu, maana ushujaa haufichwi. Akainuka, akaenda kwenye sinia ya baraka, akarudi na kidonge changu. Chekundu kwa unga, bisi ya mchele imenata juu yake.

"Nilikiweka pamoja na changu, kaka Nagendra," akasema. "Nilidhani utafurahi kikiombewa."

Profesa akataka kujua, kama kidonge kilikuwa kwenye sinia, nilipima nini. Wakawasha mashine, kishikio kitupu. Namba ileile! Kumbe waya zangu, nilizoziacha zimejikunja ovyo kando ya koili inayotoa sumaku, ndizo zilizookota umeme wa koili yenyewe. Kidonge hakikuhusika.

"Nagendra," akasema Profesa, "umepima hewa."

Delhi anakwenda Shailaja. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nilishindwa kula wali wa ndimu, na mimi kwa wali wa ndimu sijawahi kushindwa.

Ijumaa, 27 Oktoba
Mambo yamegeuka! Sasa kila mtu kabla ya kupima kidonge anapima kwanza kishikio kitupu, kisha anautoa ule umeme wa uongo kwenye hesabu. Na umeme huo wameupa jina: volteji ya Nagendra. Wanaitaja huku wakicheka. Wacha wacheke. Wangapi duniani wana volteji yao? Profesa Hegde, pamoja na mvi zake zote, hana hata moja.

Nikamuuliza Shailaja kama ataitaja huko Delhi. Akasema hana budi, inabidi aeleze jinsi alivyoiondoa. Jina langu mbele ya wakubwa wote, na mimi sijapanda hata treni! Nimempigia mama simu. Amelia kwa furaha. Sikuona haja ya kumchosha na undani wake.

Kasoro ni moja. Shailaja amezinyoosha waya na kuzifunga vizuri, na volteji yangu imenywea mpaka karibu itoweke. Wivu huo! Lakini stoo nimeona waya mrefu zaidi. Kesho wakienda kunywa kahawa, nautia huo, volteji yangu inenepe tena.