Kidari Kisichokauka

Jumatatu, 4 Agosti

Swali ambalo limenisumbua kwa miaka sita ni hili: je, kidari cha bata mzinga kinaweza kupikwa kikaiva bila kukauka? Au ukavu ndiyo asili yake, kama uchungu ulivyo asili ya shubiri, nasi wapishi twajisumbua bure?

Lilinianza Krismasi ile nilipoupikia ukoo mzima. Mjomba Naftaly alipaliwa. Wanaume wawili walimpiga mgongoni. Kaka yangu Kihara akatangaza kwamba nyama ya dada yake huliwa kwa glasi moja ya maji kila tonge. Tangu siku hiyo sijakabidhiwa nyama. Kila sherehe, Sue, mke wa Kihara, hupewa sufuria, nami hupewa kalamu. Mama Becky ana mwandiko mzuri, husema kunihusu, basi aandike programu. Shahada mbili! Nafundisha mbinu za utafiti chuoni! Programu!

Jana tuligawana kazi za sherehe ya Mama, atakayetimiza miaka sabini na mitano. Jumamosi ya tarehe kumi na sita, nyumbani kwake Kiamunyi. Sue: nyama. Mimi: si lazima niandike.

Lakini safari hii kuna jambo zito. Mwezi Juni Mama alitiwa meno mapya ya bandia. Jumapili iliyofuata alikula kwangu. Alitafuna kipande cha kuku wangu kwa muda mrefu, akitazama dirishani. Kisha nikamwona akikitoa, akakifunga katika tishu, akakitia mkobani. Gauni lake pia limelegea. Hitimisho: meno yanamuumiza, naye, aliyekuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini, anaona haya kusema. Sitaki Mama akae kwenye meza ya heshima, siku yake mwenyewe, akificha nyama mkobani mbele ya watu mia. Lazima apate nyama laini, yenye maji yake. Kutoka mkononi mwangu.

Nakiri pia kwamba ningependa kumshinda Sue. Sijaweza kupima ni sababu ipi iliyo nzito zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Nuria, mwenzangu chuoni, ameniazima chungu chake cha umeme, kile kinachopika polepole siku nzima bila haraka wala kelele. Sharti lake kuhusu chungu ni moja tu: nguruwe asikikaribie. Masharti kuhusu kidari ni mengi zaidi. Chumvi, siagi na kitunguu saumu vipakwe chini ya ngozi siku moja kabla. Vitunguu vitandikwe chini kama godoro. Maji robo kikombe tu, kwa kuwa nyama itatoa yake. Moto mdogo, saa tano hadi sita. Ukikidunga na maji yakatoka bila wekundu, kitoe papo hapo, kifunike, kipumzike kabla ya kukatwa. Na usifunue ovyo! Kila ukifunua, joto hutoroka, umepoteza nusu saa.

Niliandika yote. Nikapigia mstari sharti la mwisho.

Mchana nilikwenda Gilgil kwa Mathenge, anayefuga bata mzinga kando ya barabara kuu. Nikaomba kidari peke yake. Akanitazama. "Madam, hii si duka ya spea." Akafafanua kwamba anayetaka kifua humchukua na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, shingo nyekundu, akinitazama kwa dharau ileile. Nimerudi na ndege mzima, amechinjwa na kukatwakatwa. Kidari kina nusu mbili zinazofanana kabisa. Moja ya jaribio, moja ya sherehe. Muundo safi wa utafiti! Nina furaha. Kwangu hiyo huwa dalili mbaya.

Jumamosi, 9 Agosti

Jaribio.

Saa moja asubuhi, chungu kimewashwa. Saa mbili, nilifunua ili nione kama kweli kimewaka. Saa tatu, ili nione kama kule kufunua kwa kwanza kumeleta madhara. Mengine siyaelezi. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimefunua mara saba. Saba kwa nusu saa ni saa tatu na nusu. Nikaziongeza, kama hesabu inavyodai. Kidari kilitoka saa kumi na nusu jioni.

Katani! Nilikivuta kikatoa nyuzi ambazo zingeweza kufunga gunia. Mume wangu Ndegwa alikula, akasema ni sawa. Ndegwa alisema ni sawa hata siku gari letu lilipoibwa.

Nilimpigia Nuria. Aliuliza kidari kilikaa chunguni muda gani. Nikamwambia. Akasema: "Wamaitha, hicho si kidari tena. Hicho ni kisa cha polisi." Akanisihi nikidunge mapema, na kikiwa tayari nikitoe. Lakini nitakidungaje bila kufunua? Ili nijue kimeiva lazima nifunue, na nikifunua nimekichelewesha kuiva. Nuria akasema niache falsafa, nidunge nyama. Ni mwanamke mwema, ila anafundisha takwimu.

Hitimisho, ambalo nalishikilia kwa tahadhari: kosa lilikuwa kufunua. Siku yenyewe hakuna atakayefunua.

Jumanne, 12 Agosti

Tatizo la umeme. Ukikatika Jumamosi nimekwisha. Nilimwendea Kihara, maana yeye hufanya kazi Olkaria, kwenye mvuke wenyewe unaozalisha umeme. Nikamwuliza kwa siri kama anaweza kunihakikishia siku hiyo, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana. "Dada, mimi hupaka mabomba rangi." Akataka kujua ninapika nini. Nikasema sipiki, naandika programu. Akasema programu haihitaji stima. Niliondoka.

Tatizo la Sue. Atakuwa jikoni tangu alfajiri pamoja na jeshi lake la wanawake wa kanisa. Chungu kisionekane. Suluhisho: stoo ya Mama, nyuma ya magunia ya mahindi. Kuna soketi. Nani atakwenda stooni siku ya sherehe?

Ijumaa, 15 Agosti

Nimegundua jambo ambalo ningepaswa kuligundua miaka sita iliyopita. Nimekuwa nikiidharau kalamu, kumbe anayeandika programu ndiye anayetawala saa! Hakuna atakayekula kabla programu haijasema. Chakula nimekiandika saa saba. Kabla yake, kama akiba, nimeweka "Historia Fupi ya Mama", itakayosomwa na Mjomba Naftaly, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa ufupi.

Nimekipaka kidari chumvi na siagi. Nimeandika pia tangazo la kubandika kwenye kifuniko: USIFUNUE. Herufi kubwa. Mwandiko, wasemavyo, ni mzuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Jioni. Naandika nikiwa peku, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi.

Saa moja chungu kilikuwa stooni, kimewashwa, kimefunikwa leso. Saa mbili Sue akaenda kuchukua sukari. Kumbe stoo ya nyumba yenye sherehe ni barabara kuu! Sukari, unga, vikombe, kreti za soda, vyote hupitia humo. Na mwanamke wa kwetu anayepita kando ya chungu kinachopika bila kukifunua, huyo si kwamba ana adabu nyingi. Huyo ni mgonjwa. Tangazo halikusaidia. Nashuku ndilo lililowaita. Sue alifunua mara mbili. Wanawake wawili wa kanisa, mara moja kila mmoja. Kihara alifunua, akaacha alama ya kidole. Mjomba Naftaly alifunua, ingawa alikuwa akitafuta choo. Nami nilifunua mara tatu, kukagua kama wengine wamefunua. Jumla tisa! Saa nne na nusu zimepotea! Kwa hesabu hiyo kidari kisingeiva hadi saa kumi na moja na nusu jioni.

Nikaikimbilia programu. Nikaongeza shuhuda za majirani. Nikaongeza wimbo wa shule aliyoiongoza Mama, beti zote. Nikamrudisha Mjomba jukwaani kwa kisingizio kwamba alikuwa ameruka miaka ya themanini. Alifurahi mno. Saa nane. Saa tisa. Mzee mmoja nyuma yangu akauliza kama hii ni sherehe ama ni mfungo. Kihara akanijia, akaninong'oneza: "Dada, hii programu yako iko na mwisho, ama tuitishe blanketi?"

Mama peke yake alikuwa mtulivu. Saa saba nilikuwa nimemwona Sue akimpelekea sahani ndogo kimyakimya. Aliila yote, akapangusa mchuzi kwa chapati. Nilidhani ni viazi. Nikamhurumia.

Saa kumi umati ulinishinda. Chakula kikatangazwa bila idhini yangu. Nikaenda stooni. Nusu ya kidari changu haikuwapo! Kilibaki kipande kimoja, kimejikunja ukingoni kama kiatu kilichonyeshewa. Sue akatokea nyuma yangu akaeleza bila aibu yoyote. "Mama Becky, nilidunga hiyo nyama saa saba nikaona imeiva poa, mbona iachwe? Na Cucu, mama yenu, alikuwa na njaa, na hiyo hadithi ya Mjomba haiishi. Nikakata nusu, nikamkarangia kidogo na nyanya. Imekuwa laini, wewe! Amemaliza yote." Kisha akaniuliza ni nani aliyeileta, ili amshukuru.

Nikasema sijui. Mpaka sasa sielewi kwa nini nilisema hivyo.

Nikakata kilichobaki. Nikakipanga kwenye sahani ya maua, nikaipeleka mwenyewe hadi meza ya heshima. Watu wote walikuwa wakinitazama, au hivyo nilihisi. Huenda walikuwa wakitazama foleni ya pilau. Nikasema: Mama, hii nimekupikia mimi. Akanishika mkono. Akatia tonge moja kinywani. Akatafuna. Akaelekeza macho kwenye mlima Menengai, akaendelea kutafuna, kwa muda ambao ningeweza kuandika programu nyingine. Kisha tishu. Kisha mkoba. Kisha akatabasamu. "Umejisumbua sana, mwanangu."

Baada ya hapo alikula mbavu nne za mbuzi hadi mifupa ikawa myeupe, akafuatisha na nusu ya hindi la kuchoma. Maskini Mama! Alivyojikaza mbele ya wageni! Walimu wa zamani walikuwa na ujasiri ambao sisi hatukuurithi.

Nilikionja kidari pia. Nikanywa maji, glasi mbili. Lakini mimi si shahidi huru, na jua lilikuwa kali.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimejaribu kuupima ushahidi bila upendeleo. Nusu iliyotolewa saa saba ilikuwa laini. Nusu iliyotolewa saa kumi haikuwa. Mtu mwenye pupa angesema kwamba tofauti ni zile saa tatu. Lakini Sue alitia nyanya! Mambo mawili yamebadilishwa kwa wakati mmoja, na hakuna mtafiti makini ambaye angeyakubali matokeo ya namna hiyo. Nyanya zimeharibu kila kitu. Kuhusu kidari, basi, sina jibu.

Swali la pili ni zito zaidi, na sikulitarajia. Kwa nini Mama alikula kwa Sue na hakula kwangu? Nina dhana tatu. Ya kwanza ni meno. Lakini zile mbavu za mbuzi zinanisumbua. Ya pili ni afya yake kwa jumla. Lakini Sue anasema gauni limelegea kwa sababu Mama hutembea kila asubuhi na wenzake wa kanisa, na kwamba meno yalimkaa vyema tangu siku ya kwanza. Ndiye aliyempeleka kliniki. Hata hivyo Sue ana maslahi yake, na ushahidi wake lazima upokewe kwa uangalifu.

Dhana ya tatu sijaiandika.

Ingetosha kumwuliza Mama. Ni swali la maneno matano au sita. Tangu jana nimeshika simu mara mbili, nikaiweka. Nikiuliza, atajibu, kwani Mama hajawahi kunidanganya kwa mdomo, ila kwa mkoba tu. Nami nimegundua kwamba naweza kuishi na swali, lakini sina hakika kuhusu jibu. Kwa hiyo jambo hili linabaki wazi, na sababu si ugumu wake.

Badala yake nimemwandikia ujumbe, nikamwalika kwangu Jumapili ijayo, sisi wawili tu. Nuria amekubali nikae na chungu wiki moja zaidi. Mama amejibu baada ya dakika mbili. Atakuja kwa furaha, ila daktari amemkataza kula mchana siku za Jumapili.

Masikini! Na hakumwambia mtu! Nimemjibu asiwe na wasiwasi wowote. Tutakula saa kumi na mbili jioni. Nikikiweka kidari kipya alfajiri ya saa kumi na mbili, kitapata nusu siku nzima ya moto mdogo, bila nyanya.