Idara Yenye Umri wa Miaka Minne

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima wewe na wote wanaokuzunguka mezani. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nilalamikie tahariri yako ya Jumatatu, ile yenye kichwa "Nani Anawaogopa Wakubwa wa Mitandao?" Naandika kwa kalamu, kwa sababu utakazozielewa ukifika namba ya pili. Naandika pia bila ruhusa ya mkubwa wangu, jambo ambalo nakuomba ulisome kisha ulisahau.

Mimi ni karani wa daraja la chini kabisa katika Idara ya Usimamizi wa Kampuni Kubwa za Mitandao. Nina miezi mitano na siku kumi na tisa kazini. Miezi sita ikitimia, mtu huthibitishwa au huambiwa akachukue vyeti vyake. Ijumaa hii saa tatu asubuhi nimeitwa mbele ya Kamati ya Nidhamu. Kwa hiyo unapoandika kwamba "kuna mtu katika idara ile amelala," wewe unadhani unasema kwa jumla, kumbe huku ofisini kila mtu akishaisoma hukunja gazeti na kunitazama mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umesema Serikali imelala. Si kweli, na inauma. Tunao muswada wa sheria ya kuzidhibiti kampuni hizi, wenye vifungu arobaini na viwili, uliochukua miaka miwili kuandikwa. Hatujalala. Tumefungiwa nje. Aliyefungiwa nje halali, Ndugu Mhariri; hubisha hodi mpaka mkono ukafa ganzi.

2. Umeuliza kwa dhihaka, "Huo muswada uko wapi?" Uko kwa mojawapo ya kampuni hizohizo. Naomba usicheke kabla sijaeleza.

Nilipoajiriwa nilikuta waraka wa "ofisi bila karatasi" umebandikwa ukutani, umechapishwa kwa karatasi nzuri sana. Printa ilikuwa imezungushiwa utepe na kupandishwa juu ya kabati, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Muswada ulikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu iliyokuwa ikikohoa. Mkuu wa Kitengo akaniita: "Wewe kijana umesoma. Tufungulie akaunti kwa hawa jamaa wa mtandao, wana ghala kubwa, tena bure." Nikauliza kwa sauti ndogo kama inafaa kuweka muswada nyumbani kwa wanaohusika nao. Akacheka mpaka akavua miwani. "Unadhani watausoma? Hata wabunge hawausomi!" Basi nikauhamisha. Wajumbe wote wa vikao vyetu wakawa wanausoma hukohuko kwa kiungo cha mtandao, na kompyuta kuukuu ikapelekwa kwa wauza vyuma chakavu.

Sasa, fomu ya kufungulia akaunti iliuliza jina la mwenye akaunti. Nikaandika jina la Idara. Ikauliza tarehe ya kuzaliwa. Chini yake paliandikwa kwamba kutoa taarifa za uongo ni kosa. Nilitoka jasho. Kuandika tarehe yangu mimi kungekuwa uongo, maana mwenye akaunti si mimi. Nikaenda kwa mtunza kumbukumbu, tunayemwita Mama Faili, akanitolea tangazo la kuanzishwa kwa Idara. Ilianzishwa miaka minne iliyopita. Nikajaza tarehe ile, na mashine ikanishukuru.

Mambo yakaenda vizuri hadi Jumanne ya wiki iliyopita. Asubuhi hiyo tukakuta ujumbe: "Kwa usalama wako tumefunga akaunti hii. Inaonekana una umri wa miaka minne." Pembeni palikuwa na picha ya dubu anayepunga mkono.

3. Umeandika kwamba kampuni hizi hazijali watoto. Hapa umezikosea. Kifungu cha tisa cha muswada wetu kinazitaka ziwazuie watoto wadogo kufungua akaunti, nazo zimekitii kabla hakijawa sheria. Mtoto wa kwanza kulindwa ni sisi. Ni kweli kwamba binti wa dada yangu, mwenye umri wa miaka tisa, ana akaunti tatu, na kwenye moja yeye ni mjane mwenye miaka tisini na mmoja ambaye hajawahi kusumbuliwa. Nilipomweleza masaibu yangu alinitazama kwa huruma kama mtu anayetazama mgonjwa. "Mjomba, kwani wewe uliandika ukweli?"

4. Umedai kampuni hizi hazina utaratibu wa kusikiliza malalamiko. Uongo mtupu. Utaratibu upo. Ukikata rufaa, unaambiwa mzazi au mlezi wa mtoto ajitokeze kuthibitisha.

Tulikaa kikao cha saa mbili kujadili mzazi wa Idara ni nani. Mkuu wa Kitengo alisema Idara imezaliwa na Wizara, kwa hiyo mzazi ni Katibu Mkuu. Nikatumwa na faili. Katibu Mkuu alilisoma akiwa amesimama, akalifunga, akanirudishia. "Kijana, mimi nina watoto wanne, nawajua wote kwa majina. Huyu si wangu." Mwanasheria wetu naye akashauri kwamba kisheria Idara ilizaliwa kwa Sheria ya Bunge, basi baba ni Bunge, mama ni Wizara, na jinsi wawili hao wanavyoishi kila mtu anajua. Bunge lilikuwa likizoni. Mkuu wa Kitengo akapiga meza: "Aliyemwandikisha mtoto ndiye baba yake!" Wote wakanigeukia.

Habari hizi hazikukaa ofisini. Jioni mama yangu mzazi alinipigia simu. Alikuwa amekutana na Mama Faili sokoni. "Mwanangu, ni kweli una mtoto wa miaka minne na hukuniambia?" Nikamwambia ni mambo ya kazi tu, mama. Akauliza, "Na mama yake ni nani?" Nikajibu kwa uaminifu kwamba ni Wizara. Akakata simu. Hadi leo napokea ujumbe kutoka kwa mashangazi.

5. Umeandika kwamba Idara yetu "haina sura." Sasa sikiliza tulivyohangaika kuitafutia sura hiyo. Baada ya mimi kukubali ubaba, mashine ilitaka picha ya uso wa mtoto. Nikavuka barabara nikapiga picha ya jengo letu kwa mbele. Jibu likaja baada ya sekunde tatu: "Tafadhali mtoto avue kofia." Nadhani ilikusudia kibaraza cha bati. Mafundi wakakitoa. Nikapiga tena. "Tafadhali mtoto asogee kwenye mwanga." Tukasubiri jua lihamie upande wetu. Nikapiga tena. "Tumeona watu wengine kwenye picha. Tuma picha ya mtoto peke yake." Ni kweli, watumishi walikuwa madirishani wakitazama. Mkuu wa Kitengo akaamuru wote watoke. Watumishi thelathini na saba walisimama ng'ambo ya barabara juani, wengine wamejifunika kwa mafaili, ili Idara ipigwe picha ikiwa peke yake.

Asubuhi hiyohiyo palikuwa na wananchi wamepanga foleni langoni. Mmoja alikuwa mwanamke mshonaji, ameshika bahasha kifuani. Mtu asiyemjua amechukua picha yake, amefungua akaunti kwa jina lake, na anawatapeli wateja wake na majirani zake. Ameandikia kampuni mara kumi na nne, na mara zote amejibiwa na dubu yuleyule. Nyumbani kwao sasa hasalimiwi. Alimwuliza mlinzi kama jengo linaungua. "Hapana mama, Idara inapigwa picha." Akauliza shauri lake litasikilizwa lini. Ilinipasa mimi kumweleza kwamba shauri lake limo ndani ya akaunti, na akaunti ni ya mtoto. Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri.

Kwa taarifa yako, picha ya nne nayo ilikataliwa. Mtoto hakutabasamu.

6. Umewaita wawakilishi wa kampuni hizi "watu wasiopatikana." Mbona sisi tulimpata? Yupo bwana mmoja wa kampuni hiyo anayekuja ofisini kwetu kila mwezi; kwa vile hatujawahi kumwona bila tai, tunamwita Bwana Tai. Alikuja, akanywa chai, akasikitika kwa dhati. Mkuu wa Kitengo alimwomba, karibu kwa kupiga magoti, atufungulie. Bwana Tai akaweka mkono moyoni. "Ndugu zangu, mimi ni afisa mahusiano. Kazi yangu ni kuhusiana." Tukamwuliza basi anayefungua ni nani. Akasema ni mfumo. Tukamwuliza mfumo unakaa wapi, tuufuate kwa miguu. Akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mtoto, na mimi nikakumbuka kwamba kwa hesabu zao ndivyo tulivyo.

Lakini hakutuacha mikono mitupu. Alitoa simu, akapiga hesabu, akatuambia kwamba mtoto akifikisha miaka kumi na mitatu akaunti itafunguka yenyewe. Imebaki miaka tisa. Mkuu wa Kitengo alishusha pumzi kama mtu aliyeponyoka ajali, akaniamuru niandike katika kumbukumbu za kikao: "Muswada utawasilishwa mtoto atakapokuwa mkubwa." Wajumbe wakapitisha kwa kauli moja, kisha wakanifungulia mashtaka ya kuidhalilisha Idara kwa kuifanya mtoto.

7. Kwa hayo yote, Ndugu Mhariri, nalalamika kwamba unaendelea kudai sheria ambayo haihitajiki. Tazama mwenyewe. Kampuni ina masharti, na masharti yake yanatiiwa. Sisi tuna masharti, na mlinzi wetu wa lango huyapindisha akipewa soda. Kampuni inajua tarehe yetu ya kuzaliwa. Sisi hatujui hata mlango wake uko mtaa gani. Kampuni ikisema "toka nje," watumishi thelathini na saba wanatoka nje. Sisi tuliwaambia watoke lini, wakatoka? Kama ni suala la nani amsimamie nani, usimamizi umekwisha kupatikana, ila umetoka upande wa pili.

Napendekeza basi, kwa unyenyekevu, kwamba badala ya kuidhibiti kampuni, Serikali iikabidhi Idara kwa kampuni ilelewe huko. Baadaye zifuate idara nyingine ndogondogo, kisha Wizara, kisha Bunge litakaporudi likizo, mradi lipatikane tabasamu la kupiga picha. Wapo watakaosema huku ni kumkabidhi fisi bucha. Wasichojua ni kwamba fisi keshaingia, amefunga kwa ndani, na ametuwekea tangazo mlangoni kwamba nyama si nzuri kwa watoto.

Ombi langu ni kwamba uifute tahariri ile kabla ya Ijumaa. Andika tu kwamba mambo yako sawa, hakuna aliyelala, na hakuna sheria inayotakiwa. Kamati ikikosa kelele za magazeti itakosa haraka ya kumtafuta mbuzi wa kafara, nami nitapata siku zangu kumi na moja zilizobaki nithibitishwe kazini. Mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Mama amekwisha kuwaambia watu.

Naomba radhi kwa urefu wa barua. Nisalimie wapanga kurasa, wachapaji, msomaji wa prufu, dereva wa gari la magazeti na yule anayejibu simu zenu, kwa kuwa ni jambo kubwa siku hizi kukuta mtu anayejibu simu.

Ni mimi, mtiifu wako na wa kila mtu,
Karani
(jina langu lihifadhi moyoni mwako, usilitoe gazetini)

Nyongeza baada ya sahihi: Usiichapishe barua hii. Chapisha kilichomo katika bahasha ya pili.

Jana nilikaa kuandika utetezi wangu. Nilitaka kuonyesha nilikuwa nikifanya kazi gani, nikaanza kwa kunakili kifungu cha kwanza cha muswada kutoka kichwani. Kikaja cha pili. Mkono haukusimama. Mkuu wa Kitengo hapendi kusoma kwenye kioo cha kompyuta, na kwa miezi hii mitano nimemsomea muswada ule kwa sauti mara kumi na moja, yeye akiwa amefumba macho. Yeye alisinzia, mimi nilikuwa nasoma. Vifungu vyote vimetoka, neno kwa neno, koma kwa koma. Nakala moja ni yako. Nyingine Kamati itaikuta mezani Ijumaa kabla sijaingia. Ya tatu nimempelekea yule mshonaji, maana ndiye aliyekuwa akiingojea.

Ukihesabu utakuta vifungu arobaini na vitatu. Hujakosea. Cha kumi na saba kinasema kwamba kila kampuni ya aina hii itakuwa na ofisi nchini yenye mlango, na nyuma ya mlango atakuwapo mtu mwenye jina lake, mwenye uwezo wa kufungua kilichofungwa, na mwenye wajibu wa kumjibu mlalamikaji ndani ya siku saba. Mkuu wa Kitengo aliniagiza nikifute, alasiri moja aliporudi kutoka kula chakula cha mchana na Bwana Tai. Nilikifuta kwenye kompyuta, kama nilivyoagizwa. Kukifuta kichwani hakuniagiza.