Kinyamadege wa Adelphi

Umma unatangaziwa kwamba mwaka 2006, katika ukumbi wa chini wa kanisa moja la mji wa Adelphi, huku ughaibuni, Umoja wa Waswahili ulipata nembo rasmi, na tangu siku hiyo uongozi ukawa jambo la kibayolojia.

Mwenyekiti Silvanus hakukurupuka. Siku za kazi aliwaogesha wazee kwa mshahara katika mji wa Annandale. Jumamosi alivaa tai akawa serikali. Wakenya walitaka nembo ya simba, Watanzania twiga, Wakongomani chui, na viti vilishaanza kuinuliwa. Silvanus akawaletea mnyama wa Australia aliyemwona kwenye televisheni ya mzee mmoja: kinyamadege, mwenye manyoya na mdomo wa bata. Hakuna aliyeweza kudai ni wa kwao.

Rohoni alikuwa na lake. Desturi ilitaka viongozi wapakuliwe kwanza, na manesi waliocheleweshwa na zamu, wakikuta mchuzi mtupu, walinung'unika. Silvanus alitaka sheria ya kuilinda sahani yake: kiongozi awe kiumbe wa aina ya pekee, kama mnyama huyo.

"Azimio," alisema. "Sifa zote za kinyamadege, bila kubagua wala kupunguza, ni sifa za uongozi. Mnakubali?"

Watu walipiga makofi upesi, maana mbuzi alikuwa ameshaiva.

Katibu Method akafungua kitabu cha maktaba, azisome sifa hizo ziingie kwenye kumbukumbu.

"Hutaga mayai, ingawa hunyonyesha."

"Uongozi hutaga mipango," alifafanua Silvanus.

"Hana chuchu. Maziwa humtoka kwenye ngozi, watoto wakalamba."

"Jasho letu ndilo linalowalea."

"Akizama majini hufumba macho na masikio, akaongozwa na mdomo."

Wanachama walitazamana, wakikumbuka mikutano mingi. Silvanus alifurahi kwamba hatimaye sayansi imemwelewa.

"Dume lina mwiba wa sumu mguuni."

"Nidhamu hiyo."

Method akafunua ukurasa. "Hana tumbo. Koo limeungana moja kwa moja na utumbo."

Généreuse, mama wa Bukavu aliyesimamia jikoni, aliweka upawa chini.

"Prezida, sasa hii nyama tukikupa itaingia wapi?"

"Huo ni mfano tu, mama."

"Chair, ulisema zote," alisema Mumbi, nesi aliyekuwa bado na yunifomu ya kazini. "Tukaclap. Rule ni rule, ama?"

Method alithibitisha, kwa masikitiko ya kweli, kwamba meza kuu ilikuwa imepoteza matumbo yote kwa kura isiyopingwa, lake likiwemo.

"Lakini mnyama huyo anakula!" alisema Silvanus. "Method, soma anakula nini."

"Minyoo na viluwiluwi vya wadudu."

"Hiyo hatukupika leo," alisema Généreuse, akawaita manesi na sahani zao.

Mbavu za mbuzi zilipita mbele ya Silvanus zikielekea kwa watu wasio na cheo chochote. Aliona uchungu, kwani alikuwa hajala tangu asubuhi kwa ajili ya mbavu hizo. Mbavu zilipobaki chache, alisimama, akavua tai.

"Najiuzulu," alisema, akaenda kushika mkia wa foleni.

Makamu wake alijiuzulu nyuma yake, kisha mweka hazina, kwa kufuata itifaki. Method aliuliza kama kuna anayeutaka uenyekiti. Ukumbi mzima ulikuwa unatafuna. Akaandika kwamba hakuna aliyejitokeza, akafunga kitabu, naye akajiuzulu.

Hadi taarifa hii inaandikwa, Umoja haujapata kiongozi, na nyama inatosha kila mtu.