Kipa wa Akiba Kuachwa Nje ya Historia ya Klabu

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Michezo na Burudani ya mtaa wetu,
Chumba cha nyuma, juu ya duka la mikate.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUFUTWA KWANGU KATIKA KITABU CHA MIAKA HAMSINI

Natumaini u mzima na tanuri lako la mikate linawaka vizuri. Mimi si mzima. Tangu Jumamosi mlipozindua kitabu cha historia ya klabu yetu, sijagusa hata mkate wako. Nimesoma kurasa zote mia moja na kumi na mbili, mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani na ya pili bila miwani, na sijajiona. Mwandishi wake ni Katibu, kinyozi, ambaye kwa bahati mbaya ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Usije ukadhani naandika kwa chuki. Chuki ninayo, lakini hii ni barua ya kikazi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuwa kipa wa akiba wa klabu hii kwa miaka kumi na saba. Katibu amepata nafasi ya kumtaja mbuzi aliyekula wavu wa goli. Mbuzi ana aya mbili nzima! Picha ya ukurasa wa arobaini inaonyesha kikosi chote, majina yameandikwa kutoka kushoto kwenda kulia, halafu mwisho kabisa: "na mwingine". Huyo mwingine ni mimi, Mwenyekiti. Nimevaa glavu za kudakia. Alidhani nimekuja kuosha vyombo?

2. Kipa wa kwanza, yule fundi saa mliyembandika jina la Ukuta, amepewa sura nzima. Sikatai, alidaka. Lakini hakuna aliyewahi kujiuliza mtu anakaaje miaka kumi na saba bila hata mafua. Mimi nilijiuliza kila Jumamosi. Sheria ya klabu mnaijua, waasisi waliiandika ukutani kwa rangi ya mafuta: mchezaji hatoki uwanjani mpaka abebwe. Klabu za wenzetu hubadilisha wachezaji. Sisi tulikaa tukingoja mtu avunjike. Ukuta aligongwa, akakanyagwa, siku moja akameza jino lake mwenyewe, akasimama. Ule si uhodari, ni roho mbaya. Naomba iundwe tume ichunguze afya yake.

3. Benchi. Mmeliweka benchi la akiba ndani ya kabati la vioo, kando ya kombe, na kibao kisemacho "Benchi la Kihistoria". Hiyo historia lililetewa na nani? Mng'ao ule mnaowaonyesha wageni si vanishi, ni suruali zangu. Ubao umepata heshima, aliyeukalia hana. Hata siku za dansi ya klabu, nyinyi mkicheza na wake zenu, benchi lilipelekwa mlangoni nami nikawekwa juu yake kushika makoti, eti kwa kuwa nina uzoefu wa kukaa.

4. Sasa tuje kwenye takwimu ambazo Katibu hana ubavu wa kuzifafanua. Ukuta, pamoja na sifa zote alizomwagiwa, alifungwa mabao mia mbili na sita. Yamo kwenye kitabu chenu wenyewe. Mimi katika miaka kumi na saba sikufungwa hata moja. Sifuri. Nileteeni kipa mwingine mwenye rekodi hiyo. Kwa akili ya mtoto wa darasa la pili, kipa bora wa klabu hii ni nani? Haya, jikausheni.

5. Kwa kuwa kipa bora ni mimi, nadai vitabu vyote vikusanywe, hata vile ambavyo muuza duka ameshaanza kufungia sabuni. Ukuta ndiye aandikwe "na mwingine". Uwanja upewe jina langu, na sanamu yangu iwekwe getini, ikiwa imekaa.

6. Katibu avuliwe ukatibu. Mtu anayemfuta shemeji yake kwenye historia, utampaje shingo yako akiwa na wembe mkononi? Mimi nimeshaacha kunyolewa kwake. Nywele zimeanza kunifunika masikio, na zinanisaidia nisimsikie akijisifu.

Mwenyekiti, nina mjukuu wa kike anayejua kusoma. Jumapili alipekua kitabu chote akinitafuta, kisha akaniuliza kama kweli niliwahi kuwa mwanachama. Hilo ndilo linaloniuma, hayo mengine ni kelele zangu tu.

Nangoja jibu kabla ya mkutano wa Alhamisi. Nisalimie mama watoto, wanakamati, wacheza karata wote wa chumba cha nyuma, na Ukuta, kama bado hajaumwa. Katibu usimsalimie.

Wako katika michezo,
Kipa wa Akiba, mstaafu wa benchi.

N.B. Mke wangu ameisoma barua hii na amesema haitoki humu ndani mpaka niongeze ukweli. Basi, niliwahi kucheza. Mwaka wangu wa tisa Ukuta alizimia, akabebwa, nikaingia dakika kumi na moja za mwisho. Nilifungwa mabao manne, moja nikalisukuma ndani mwenyewe. Katibu aliyaandika vizuri kabisa, ukurasa mzima, jina langu juu. Akaniletea nyumbani nisome kabla ya kuchapwa, nami nikamshika mikono nikimsihi aufute na asinitaje popote. Katibu alipokwenda kumuuliza Ukuta yale mabao yaende wapi, Ukuta alisema aandikiwe yeye, ndiyo yamo katika yale mia mbili na sita. Tafadhali mwambie shemeji aurudishe ukurasa wangu, na mabao yote manne, mjukuu wangu aone kwamba nilicheza.